Lenzi za zamani kwenye kamera ya leo: ipi uichukue, na kwa pete gani

Kijana wa ndugu yangu yuko Wete, Pemba. Wiki iliyopita alinitumia kwa simu picha ya lenzi mbili zimelazwa juu ya mkeka, na chini yake akaandika: "Ami, shikamoo. Kuna mtu anaziuza zote mbili, pesa yangu inatosha moja. Nichukue ipi?"

Ya kushoto ilikuwa Helios 44-2, milimita 58 f/2, lenzi ya enzi za Umoja wa Kisovieti. Ya kulia ilikuwa Nikkor ya milimita 50 f/2, ya Kijapani, kazi ya kampuni ya Nikon. Zote mbili ni za mkono: hazina mota wala waya. Fokasi unazungusha mwenyewe, na apecha, lile tundu la mwanga, unalifungua na kulifunga mwenyewe kwa pete (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa).

"Marahaba, mwanangu. Kamera yako ipi?"

"Nikon D3500."

"Basi chukua Nikkor. Ile nyengine iache."

Angekuwa na Sony au Fujifilm zile zisizo na kioo ndani, ambazo vijana wanaziita mirolesi, ningemjibu kinyume chake. Wengi huanza kwa kuipenda lenzi, kisha ndipo wanatafuta namna ya kuifunga, na mwisho wake ni droo iliyojaa pete za kuungia lenzi na kamera, zisizokaa popote. Anza na kamera uliyonayo mkononi.

Milimita zinazoamua

Kila kamera ina kipimo chake kutoka kwenye mdomo wa chuma, pale lenzi inapofungwa, mpaka kwenye sensa inayonasa picha. Kwa kamera za zamani ni mpaka kwenye filamu. Lenzi nayo imetengenezwa ikae umbali huo huo. Ukiikalisha mbele zaidi hata kwa milimita moja, itaona vya karibu tu. Vya mbali havitakaa sawa hata uzungushe fokasi mpaka igote.

Vipimo vya lenzi za zamani unazoweza kukutana nazo kwetu ni hivi, kwa milimita: Nikon F ni 46.5. Olympus OM ni 46. M42, ile inayofungwa kwa hesi kama kifuniko cha chupa, ni 45.46, na Pentax K ni hiyo hiyo. Minolta MD ni 43.5. Canon FD ni 42.

Sasa kamera za leo. DSLR, zile zenye kioo ndani, za Nikon ni 46.5, maana mdomo wao ni ule ule wa tangu 1959. DSLR za Canon ni 44. Mirolesi zinashuka sana kwa sababu hazina kioo cha kurukaruka ndani: Canon RF 20, Sony E 18, Fujifilm X 17.7, Nikon Z 16.

Hesabu yenyewe ni ya kutoa. Kipimo cha lenzi ukitoa kipimo cha kamera, unachobaki nacho ndio unene wa pete. Helios ya M42 kwenye Sony: 45.46 ukitoa 18 unapata 27.46. Hicho ni kipande cha bomba kizuri, kina nafasi ya kutosha, na fundi yeyote mwenye mashine ya kukereza chuma anaweza kukichonga. Helios hiyo hiyo kwenye DSLR ya Canon: 1.46. Pete nyembamba, lakini inawezekana. Helios kwenye Nikon ya kijana wetu: 45.46 ukitoa 46.5 unaingia chini ya sifuri. Hakuna pete yenye unene wa chini ya sifuri. Ukiifunga kwa nguvu kwa pete nyembamba ya kawaida, mtu aliyekaa mbele yako kwenye baraza utampata vizuri, lakini zaidi ya mita mbili hivi kila kitu ni maziwa. Ngalawa iliyoko nje ya mwamba usiitarajie.

Kwa hesabu hiyo hiyo, Canon FD, ambayo watu wengi wanadhani itakaa kwenye Canon ya kisasa kwa kuwa jina ni moja, haikai. Canon walibadilisha mdomo 1987 walipoleta EF, na FD ya milimita 42 haifiki 44. Minolta MD nayo hivyo hivyo. Lakini lenzi za Nikon zinakaa kwenye DSLR ya Canon, kwa pete ya milimita 2.5, na zinaona mpaka upeo wa bahari. Nimewahi kubishana na mtu barazani juu ya hili mpaka chai ikapoa, hakuamini mpaka nilipomfungia mbele ya macho yake.

Mwenye DSLR ya Nikon

Kwako mlango ni mmoja: Nikkor za zamani. Huhitaji pete yoyote, zinaingia moja kwa moja. Ila kuna mambo mawili ya kujua kabla hujatoa pesa.

La kwanza, mwaka 1977 Nikon waligeuza pete ya apecha ya lenzi zao, wakaziita AI. Zile za kabla ya hapo, ambazo hazijarekebishwa, zinaweza kuvunja kijino kidogo kilichopo pembeni ya mdomo wa kamera kama D7000, D610 au D750. Kamera ndogo kama D3500 na D5600 hazina kijino hicho, kwa hiyo lenzi nyingi za kabla ya AI zinaingia humo bila madhara. Kwa hili kamera ya bei ndogo ina salama kuliko ya bei kubwa.

La pili ni upande wa pili wa hilo la kwanza: kwa kuwa kijino hakipo, D3500 haipimi mwanga ukiifungia lenzi ya mkono. Utapima kwa akili na kwa skrini. Juani kwetu saa sita mchana weka ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, shata (muda wa kufunguka) 1/125 ya sekunde, apecha f/16, kisha tazama picha. Kwenye mchanga mweupe wa Paje funga hatua moja zaidi, f/22. Baada ya siku tatu vidole vinajua vyenyewe. D7000 na kamera za juu yake, isipokuwa D7500, zinapima, ukiingiza kwenye menyu urefu wa lenzi na apecha yake kubwa.

Mwenye DSLR ya Canon

Una nafasi zaidi: M42, Nikon F, Olympus OM. Kamera inapima mwanga ukiiweka Av, pale inapochagua shata yenyewe, kwa apecha uliyoifunga wewe. Tatizo lako liko kwenye jicho. Dirisha la kuchungulia la DSLR za leo limetengenezwa kwa fokasi ya mota, na halikuonyeshi kweli jinsi fokasi ilivyo nyembamba kwenye f/2. Unaona nyusi na sikio vyote viko sawa, unapiga, unafungua kwenye kompyuta nyumbani, sikio ndilo lililo sawa.

Hili lilinipata kwenye nikaha moja Mwembetanga. Nilikuwa na Helios kwenye DSLR, nikampiga bwana harusi anavyotamka kukubali. Kofia yake ilikuwa ya viua, kazi ya mkono ya miezi, na kwenye picha kila kiua kinahesabika, tundu kwa tundu, uzi kwa uzi. Macho yake ni kivuli laini. Neno lile halitamkwi mara mbili. Tangu hapo, nikitumia DSLR na lenzi ya mkono, nainua kioo, naangalia kwenye skrini ya nyuma na kuikuza mara kumi, na naiweka kamera kwenye miguu mitatu. Hiyo ni njia ya milango na mandhari, watu hawakusubiri.

Na wenye Canon za sensa kubwa, zile fulu fremu: angalia nyuma ya lenzi. Baadhi ya lenzi za M42, Helios ikiwemo, zinapozungushwa mpaka mbali kabisa nyuma yake hutokeza ndani na kioo kinaweza kuigonga.

Mwenye mirolesi

Hapa ndipo mambo yanapofunguka. Kila lenzi niliyoitaja juu inakaa, hata ile FD, kwa pete isiyo na kitu ndani. Na unachokiona kwenye dirisha ndicho sensa inachokiona. Ukiwasha alama ya fokasi, kingo za kitu kilichokaa sawa zinawaka rangi, nyekundu au njano, unaona rangi inatembea usoni kutoka puani kwenda jichoni unavyozungusha pete. Ikifika jichoni unakuza, unahakikisha, unapiga. Nikaha ya usiku kwa taa za msikiti tu sasa naipiga hivi bila wasiwasi.

Mambo mawili yanawasumbua wageni wa njia hii. Kamera inakataa kupiga kwa sababu inadhani haina lenzi, na dawa yake iko kwenye menyu: ruhusu kupiga bila lenzi. Na kama kamera yako ina uwezo wa kutuliza mtikisiko ndani ya sensa, mwambie urefu wa lenzi, 58 au 50 au 135, maana lenzi ya zamani haina njia ya kumwambia. Ukisahau, kamera itatuliza kwa kipimo cha lenzi nyengine na picha zitakuwa mbaya kuliko ungezima kabisa.

Kuna hesabu nyengine pia. Kama sensa yako ni ndogo, ile ya APS-C, zidisha urefu wa lenzi kwa 1.5 (Canon 1.6). Helios ya 58 inakuonyesha kama ya 87. Uwanja wa Gombani inafaa. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako mlango na ukuta wa mbele yake vimeachana hatua mbili, mgongo unagonga ukuta na mlango bado haujaingia wote. Kwa mji wetu ningekushauri uanze na milimita 28 au 35 kabla ya hiyo 50 ambayo kila mtu anaisifu.

Pete zenyewe

Pete tupu ya chuma ndiyo ya kununua. Haina kioo, kwa hiyo haina cha kuharibu. Tazama mambo matatu: isitikisike ikifungwa, ndani iwe nyeusi isiyong'aa, na kama ni ya M42, iwe na ukingo wa ndani wa kubonyeza kile kipini kidogo nyuma ya lenzi. Baadhi ya lenzi za M42 za miaka ya baadaye hazina swichi ya kuhamisha apecha kati ya A (yenyewe) na M (kwa mkono), na bila ukingo huo apecha inabaki wazi hata uzungushe vipi. Helios 44-2 haina kipini, haina shida hiyo. Ina pete mbili: ya kwanza unaiweka kwenye namba unayotaka, ya pili unaizungusha bila kuitazama, wazi kwa fokasi, kisha mpaka igote kwa kupiga.

Pete nyingi hutengenezwa fupi kidogo makusudi, ili lenzi ifike mbali bila shaka. Matokeo yake lenzi inapita hata hapo pa mbali, na namba za umbali zilizochongwa juu ya lenzi hazisemi kweli tena. Usizitegemee kwa kupiga bila kutazama pale Darajani.

Pete yenye kijilenzi ndani kwa ajili ya kurekebisha umbali, ile wanayokuuzia ili M42 ikae kwenye Nikon au FD kwenye DSLR ya Canon, niache niseme wazi: usinunue. Niliuziwa moja mjini, muuzaji akaniapia kwamba inafika mpaka kisiwa cha Chumbe. Kufika inafika. Jioni nikaenda nayo Forodhani, na kila taa ya karabai kwenye meza za urojo na mishikaki ilizungukwa na ukungu mweupe, uso wa mpishi ukawa kama umepakwa mafuta. Umenunua lenzi nzuri ya zamani, kisha unaitazamia kupitia kipande cha kioo cha bei ya sahani ya urojo.

Aina ya tatu ni ile inayobana picha badala ya kuirefusha. Kampuni ya Metabones ndio waliowatangulia wenzao kwa hii kwenye mirolesi, mwaka 2013, na Speed Booster yao ya 0.71. Helios ya 58 inakuwa kama ya 41, f/2 inakuwa f/1.4, na kwenye sensa ya APS-C unaona kama milimita 62. Ile nzuri ni nzuri kweli, na kwa mpiga picha wa harusi za usiku hatua moja ya mwanga ni kitu kikubwa. Zile za bei ndogo hulainisha pembe za picha na mara nyengine huacha doa la bluu katikati ukipiga kuelekea kwenye mwanga mkali. Kama bajeti yako ni pete moja, nunua pete tupu.

Lenzi kwa lenzi, wenye kuweza kuchagua

Kama una mirolesi, mimi nakusukuma kwenye familia ya M42. Mdomo huu wa hesi ulianzia Ujerumani Mashariki, kwenye Contax S na Praktica za 1949, kisha Wajapani wa Pentax na Wasovieti wakautumia kwa miaka mingi. Pete moja inakufungulia lenzi za nchi tatu nne. Na kwetu ina historia yake: baada ya Mapinduzi ya 1964 Wajerumani Mashariki walikuja kujenga, nyumba za ghorofa za Kikwajuni ni kazi yao, na Praktica ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya marehemu baba, zawadi ya fundi mmoja wao. Ilikuwa na Tessar ya milimita 50 f/2.8 ya Carl Zeiss Jena, na lenzi hiyo bado naitumia. Ukipata Praktica ya baadaye, ya kuanzia 1979, angalia vizuri: hizo za mfululizo wa B zina mdomo wa kuzungusha na kubana, si hesi, na pete ya M42 haitaingia.

Tessar na Helios hazifanani kabisa. Tessar ina vioo vinne tu, muundo wa 1902, na kwenye f/8 inachonga. Milango ya Mji Mkongwe ndiyo kazi yake: mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, ua la yungiyungi chini, misumari ya shaba na kivuli cha kila msumari. Kwenye f/2.8 haina uchawi wowote, pembe zinalegea na nyuma kunakuwa na fujo. Helios, ambayo ilinakiliwa kutoka lenzi ya Biotar ya Jena, uzuri wake uko pale pale Tessar inaposhindwa. Mweke mtu mita moja na nusu, nyuma yake kuwe na mti wenye majani na mwanga unaopenya, apecha wazi. Madoa ya mwanga yanazunguka kichwa chake kama maji ya kisima yaliyokorogwa. Chini ya mkarafuu picha hiyo inatoka kila mara. Mbele ya ukuta wa chokaa haitoki, watu wanailaumu lenzi bure. Jua likiingia moja kwa moja kwenye kioo, Helios inafifia rangi, mkono wako wa kushoto uwe kivuli.

Super-Takumar ya 50 f/1.4 ya Pentax ndiyo iliyotengenezwa kwa ustadi kuliko zote hizi, pete yake ya fokasi inateleza kama imepakwa siagi. Zile za toleo la vioo saba zina thoriamu, madini yenye mionzi, ndani ya kioo, na kwa miaka kioo hugeuka manjano kama chai ya rangi. Mionzi yake ni midogo na haina hatari kwa matumizi ya kawaida. Manjano hupungua ukiiweka dirishani juani siku kadhaa, upande mmoja umefunikwa kwa karatasi ya fedha ili isikuunguzie pazia.

Kuvu kabla ya jina

Mjini kwetu lenzi haifi kwa kuanguka. Inakufa kabatini, masika, kwa unyevu. Kabla ya kuuliza bei, washa tochi ya simu, fungua apecha yote, elekeza mwanga kutoka nyuma na uchungulie kwa pembeni. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na mate yake yanakula kioo. Helios yenye vumbi chukua. Takumar yenye kuvu iache, hata ikiwa nusu bei. Kisha zungusha apecha huku ukitazama vile vibati vyembamba: vikiwa na mafuta yanayong'aa vitachelewa kufunga. Mwisho zungusha fokasi taratibu, masikio yako wazi. Sauti ya mchanga haina tiba ya bei nafuu.

Nyumbani weka lenzi kwenye kopo la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, pamoja na vifuko vya silika, uvikaushe au uvibadilishe kila mwezi. Mchele usitumie, unatoa vumbi. Na pete isikae kwenye kamera, ikae kwenye lenzi, kila lenzi na yake. Ufukweni upepo wa kusi ukivuma hutaki kuwa na vipande viwili vya kufungua.

Kijana wa Wete alichukua Nikkor. Juzi jioni kanipigia, sauti imejaa wasiwasi: "Ami, nimeifunga vizuri, lakini shata haibonyezeki. Inaandika F na vistari viwili."

"Gurudumu la juu liko wapi?"

"Kwenye A."

"Lipeleke M, mwanangu. Kisha bonyeza."

Nikasikia kamera ikilia simuni, mara moja, kisha mara tatu mfululizo.